Jamvi la Saa ya Jumatano

Mwalimu mkuu alipotangaza kwamba kila Jumatano, vipindi viwili baada ya mapumziko marefu, walimu wa Gredi ya Tatu hadi ya Sita tutaacha kufundisha na kukaa pamoja kupanga masomo, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukataa. Sikunyanyua mkono. Nilisema tu, kwa sauti iliyotosha kufika hadi kwenye birika la chai, kwamba kwa miaka ishirini na miwili nimepanga masomo yangu nyumbani kwenye meza ya jikoni, na sijaona mtoto aliyedhurika. Wenzangu wakacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. Ni mama wa Kisauni, wa zile nyumba za zamani zinazojua maneno, anavuka feri kila asubuhi na anafika shuleni kabla yetu sisi tunaoishi papa hapa Timbwani. Akanitazama, akafungua daftari lake, akaandika jambo. Hadi leo sijui aliandika nini.

Alitueleza sharti lake waziwazi. Tungejaribu muhula mmoja. Mwisho wa muhula kungekuwa na mkutano wa wazazi, na wao ndio wangesema saa hiyo iendelee au ife. Mimi moyoni nikajisemea kwamba itakufa, na kwamba nitahudhuria mazishi yake bila kulia.

Likabaki swali la nani atakaa na watoto. Madarasa manne, watoto zaidi ya arobaini kila darasa, huwezi kuwaambia wakae kimya saa nzima wakakaa. Hapo ndipo mwalimu mkuu alipoonyesha kwamba alikuwa ameshawaza kila kitu. Mtaala wetu mpya unataka watoto wajifunze kazi za mikono za watu wa kwao. Basi watakuja akina mama wanaosuka ukili, mmoja kila darasa, na mwalimu wa zamu atazunguka kuangalia. Ukili ni ule ukanda mrefu wa majani ya mkoma yaliyokaushwa na kuchanwa, ambayo sisi huyaita miyaa. Ukishasukwa wa kutosha, hushonwa ukingo kwa ukingo ukawa mkeka, au jamvi, au kapu. Kwetu sisi Wadigo mtoto huzaliwa juu yake, na mtu akifa hulazwa juu yake.

Kisha akanigeukia mimi. Akasema, "Mama yako yu hai, na mikono yake ingali mizima, alhamdulillahi. Muulize kama atatujia."

Mama yangu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mambo ya shule aliyajua kupitia kwangu tu: sare alizofua, makaratasi niliyomsomea, walimu waliomlalamikia. Lakini kwa mikeka, Timbwani nzima inamjua. Kuna mabibi harusi waliochelewesha harusi zao kwa sababu mkeka wa mama ulikuwa haujaisha. Nilipomweleza habari ile aliendelea kuchambua mchele, hata nikadhani hakusikia. Mwisho akauliza, "Nitavaa nini?" Nikajua amekubali.

Jumatano ya kwanza alikuja na wenzake watatu, wote majirani zetu, wote wakiwa wamevaa leso mpya ambazo mikunjo yake ilikuwa haijatoka. Mwalimu mkuu aliwapokea getini kwa shikamoo nne, moja kwa kila mmoja, na akawapeleka madarasani mwenyewe. Mama alipewa Gredi ya Sita, darasa langu. Nilipotoka alikuwa amesimama mbele ya ubao akiukwepa, kama mtu anayeogopa kuchafua ukuta wa wenyewe. Watoto wakasimama wote kwa pamoja wakamwamkia. Akajibu marahaba mara arobaini na kitu, kila mtoto na yake, na hilo peke yake likala dakika kumi.

Sisi walimu upande wetu hatukuanza vizuri. Tulikaa chumba cha walimu, kila mtu na daftari lake la maandalio ya somo limefungwa mbele yake na mkono juu. Ungedhani tuko kwenye mtihani na kila mmoja anamhofia jirani. Tulizungumza habari za chaki, habari za vyoo, habari za mahamri ya siku ile kwamba yalikuwa magumu. Jumatano ya pili ikawa hivyo hivyo. Jumatano ya tatu nililemewa na usingizi nikaegemea ukuta.

Aliyetutoa pale ni mwalimu kijana wa Gredi ya Nne. Alikuwa ameletwa kwetu kutoka bara miaka miwili iliyotangulia, na Kiswahili chake wakati ule kilikuwa bado kinatafuta ngeli. Mimi na yeye tulikuwa na ugomvi usiosemwa. Kila mwaka watoto walipofika kwangu nilikuta hawajui kugawanya. Unampa mtoto mia nne thelathini na mbili agawanye kwa kumi na mbili, anakutazama kana kwamba umemtukania mzazi. Na kila mwaka nililalamika, nikihakikisha yupo karibu, kwamba huko chini hakuna anayefundisha. Miaka hiyo miwili alivumilia. Jumatano ya nne akaja na madaftari matatu, akayapanga mezani, akaomba ruhusa ya kusema.

Yalikuwa madaftari ya msichana mmoja wa darasa langu. Kijana alikuwa amemwendea mama wa msichana akaomba yale ya zamani, ya Gredi ya Nne na ya Tano, na la tatu lilikuwa la mwaka ule, la kwangu. Akayafungua yote kwenye hesabu za kugawanya. Katika la kwanza mtoto alitoa kumi na mbili mara kumi, akatoa tena mara kumi, akatoa tena, kisha akahesabu ametoa mara ngapi, na jibu likawa sawa. Ukurasa mzima ulikuwa na alama za vyema. Katika la pili mwenzetu wa Gredi ya Tano alimfundisha njia nyingine kabisa, kwa majedwali, na mtoto akapata nusu. Katika la tatu, langu, kulikuwa na ule mtindo wangu wa tarakimu moja moja chini ya paa, niliofundishwa na mwalimu wangu naye akafundishwa na wake, na ukurasa ulikuwa mwekundu kwa kalamu yangu. Pembeni, kwa penseli hafifu, mtoto alikuwa ameanza ile njia ya kwanza. Halafu ameifuta, kwa sababu mimi nilikuwa nimewakataza.

Kijana hakusema neno la kunishtaki. Alisema tu, kwa Kiswahili chake, kwamba alitaka tuone. Niliona. Msichana yule alipokuwa Gredi ya Nne alijua kugawanya, na mimi ndiye niliyemsahaulisha. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayoshika masikio, na kwa kuwa mimi nikiona haya huwa mkali, nilimwambia kijana kwamba majalada ya madaftari yake yameraruka na kwamba chai imepoa. Kisha nikalifungua daftari langu la maandalio, nikalisukuma katikati ya meza.

Kuanzia siku ile saa hiyo haikututosha. Tuligombana Jumatano tatu mfululizo juu ya kugawanya peke yake. Mwenzetu wa Gredi ya Tano alinuna, akatoka, akarudi. Mwisho tukaafikiana: mtoto aanze na njia ya kijana, akifika Gredi ya Tano azione njia mbili bega kwa bega, na akifika kwangu nimwonyeshe kwamba ile yangu ni ile ile ya kwanza, ila imefupishwa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba ni ile ile. Miaka ishirini na miwili nimeifundisha na sikujua kwa nini inafanya kazi, na nilikiambia chumba kizima hivyo. Kijana akainamisha kichwa akijifanya anatafuta kalamu. Najua alikuwa anacheka, na nilimsamehe hapo hapo.

Nikawa mimi ndiye wa kwanza kufika chumba cha walimu kila Jumatano. Nikawa nakataza habari za vyoo na mahamri. Na kadiri muhula ulivyosonga ndivyo nilivyoanza kuogopa, kwa sababu habari za nje hazikuwa nzuri. Mzazi mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na shule na mwana wake yuko Gredi ya Tano, alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba walimu wa Timbwani wamebuni njia ya kunywa chai wakati wa masomo huku watoto wakisukishwa majani. Chini ya ujumbe wake vidole gumba vilijipanga hadi nikachoka kuvihesabu. Mtu mwenye akili angeona kwamba saa yetu inakwenda kufa. Mimi niliyeapa kutolia nilianza kupoteza hamu ya kula.

Mwalimu mkuu akaja na wazo. Watoto wa chekechea walikuwa wanakaa juu ya sakafu ya saruji. Ukili uliosukwa na madarasa yote manne uunganishwe, ushonwe jamvi moja kubwa, litandikwe siku ya mkutano, na wazazi waone kwa macho yao kwamba watoto hawakupoteza wakati. Tukafurahi sana. Kila darasa lilikuwa na mizingo mikubwa ya ukili kabatini, na ungeinua mmoja tu ungesema, hawa watoto wana mikono.

Mkutano ulikuwa Alhamisi. Jumatatu baada ya masomo akina mama wanne walikuja na sindano zao, na mizingo ikafunguliwa kwenye uwanja wa paredi. Nilikuwa nimeketi kibarazani nikisahihisha. Nikasikia kimya. Akina mama wanne wa Kidigo wakiwa pamoja hawanyamazi, kwa hiyo nikanyanyua kichwa.

Ukili wa Gredi ya Sita, wa mama, ulikuwa wa miyaa kumi na mitatu, umekazwa barabara kama wa mkeka wa harusi. Wa Gredi ya Tano ulikuwa wa miyaa saba, mwembamba na laini, kwa sababu yule mama maishani mwake husuka misala ya kuswalia. Wa Gredi ya Nne ulikuwa wa tisa, mlegevu, wa makapu. Wa Gredi ya Tatu tu ndio uliokuwa wa jamvi hasa. Kila ukili peke yake ulikuwa mzuri. Lakini jamvi lile lilikuwa kubwa, ukanda wa darasa moja haukutosha kulivuka, ilibidi uungwe kichwa kwa mkia na wa darasa jingine. Sasa utaunga vipi mpana na mwembamba, uliokazwa na uliolegea?

Wiki kumi wale wanawake walikuwa wakiingia shuleni pamoja na kutoka pamoja. Njiani walizungumza harusi, magonjwa na bei ya samaki. Wala hakuna aliyemuuliza mwenzake anafundisha wa miyaa mingapi. Mama ndiye mkubwa wao. Mdogo kumuuliza mkubwa kipimo chake ni kama kumtilia shaka mbele za watu, na mkubwa kumwambia mdogo kipimo bila kuulizwa ni kujikweza. Kwetu adabu ndiyo hiyo. Kwa hiyo kila mmoja alisubiri, akaingia darasani akafunga mlango, akafundisha ukili anaoujua yeye. Nami mtoto wa msusi, niliyelelewa katikati ya miyaa, nilikaa chumba cha pili nikipiga meza kwamba lazima walimu tuambizane, na halikunipitia akilini.

Wakashona hivyo hivyo. Jumanne nzima walishona, wakaunga, wakafumua, wakaunga tena. Jamvi lilipoisha lilikuwa na nundu katikati, iliyofika kifundo cha mguu. Ukiikanyaga inazama, halafu inachomoza upande wa pili. Watoto wa Gredi ya Tatu waligundua hilo mara moja, wakawa wanaifukuza nundu kutoka pembe hadi pembe kwa vicheko, na mwalimu wa zamu akawafukuza wao.

Mama hakucheka. Alikusanya sindano zake akaenda nyumbani bila kuniaga.

Jumatano alasiri nilimfuata. Nilikuwa nimewaza usiku kucha na nikadhani nimepata dawa. Nyumbani kwake kuna jamvi zuri, jipya, alilolisuka mwenyewe kwa ajili ya msikiti na halijapelekwa. Nikamwambia tulitandike lile kesho, ile nundu tuifiche stoo, wazazi hawatajua, saa yetu itaokoka, na hata jina lake litaokoka. Nilisema maneno hayo kwa haraka ili nisiyasikie vizuri.

Mama aliniacha nikamaliza. Kisha akaniambia, "Na wale watoto? Watalitazama jamvi langu mbele ya baba zao na mama zao, na watajua si lao. Wewe mwalimu wao utasimama wapi?"

Sikuwa na pa kusimama. Nilinywa chai yake, nikaondoka, na njiani nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilikuwa nimeona mwisho wa muhula ule vizuri kabisa: nundu katikati ya uwanja, mwenye duka akiizunguka na simu yake, na mimi nimerudi kwenye meza yangu ya jikoni.

Alhamisi asubuhi wazazi walijaa. Jamvi likatandikwa mbele ya turubai, nundu yake mahali pake. Watu walilitazama kwa ile adabu ya kutotazama sana. Mwalimu mkuu alieleza Saa ya Jumatano kwa maneno mazuri ya Kimvita, akaeleza na habari za kugawanya. Kijana wa Gredi ya Nne akasimama kuongezea, akachanganya maneno mpaka wazazi wakaanza kumsaidia kumalizia sentensi zake. Mwenye duka akasubiri wote wamalize. Akainuka, akasema hana ugomvi na mtu, ila anauliza jambo moja. "Mwanangu anajua kusuka, nakubali, ingawa na kusuka kwenyewe ndiko huku. Lakini hiyo saa yenu, walimu, mwafanya nini hasa? Niambieni kitu nitakachokishika."

Nilipofungua mdomo kumjibu nilimwona mama yangu amesimama. Hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili.

"Mimi si mwalimu," akasema. "Shule hii nimeingia mara ya kwanza muhula huu. Hilo jamvi limepinda, na msiwatazame watoto, watoto wamesuka kama walivyofundishwa. Sisi wanne twajua ukili tangu tu wadogo. Kila mmoja aliingia chumba chake akafundisha wake. Wenzangu hawakuniuliza, kwa sababu mimi ni mkubwa wao. Nami sikuwauliza, kwa sababu mimi ni mkubwa wao. Ndipo tukapata nundu."

Watu wakacheka, yeye akangoja kicheko kiishe.

"Baba, wauliza walimu wafanya nini Jumatano. Waulizana. Wala hawaoneani haya. Kama mwataka waache, nyinyi ndio wazazi. Lakini wataka kitu cha kushika. Basi njoo ukae hapa kwanza."

Akaonyesha jamvi. Mwenye duka alitazama kulia na kushoto, lakini mama wa umri ule amekwambia ukae, utafanyaje. Akavua viatu, akaja, akaketi juu ya nundu. Nundu ikazama, ikatambaa chini ya jamvi, ikachomoza mita moja mbele yake ambapo watoto wa chekechea walikuwa wamekaa, na mmoja wao akainuka nayo huku akishangilia. Turubai zima lilicheka. Mwenye duka mwenyewe alicheka hadi akajifuta macho kwa kofia yake. Alijaribu kuisukuma nundu kwa kiganja, ikamrudia. Alipopata pumzi akasema, akiwa bado chini, kwamba ameelewa, na kwamba yeye anaipa saa hiyo muhula mwingine. Mikono iliponyooshwa kuiunga saa yetu sikuihesabu. Nilikuwa namtazama mama, ambaye ameketi na kujifunika leso usoni, na mabega yanamtikisika, na kwa mbali sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nilikwenda nikamshika mkono na bado sikujua. Nilijivunia mama yangu siku ile kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote changu.

Muhula mpya ulipofunguliwa, alikuja kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele akiwa na wenzake watatu nyuma yake. Akasema watakuja kusuka na watoto, inshallah, ila na wao wana sharti. Kabla ya kugusa mwaa hata mmoja wapewe Jumatano ya kwanza yote, na chumba chenye mlango, wakae wapange. Mwalimu mkuu akamwambia chumba ni hiki cha walimu, na chai ipo. Akauliza, lakini madarasa hayo manne yatakaa na nani siku hiyo, maana walimu wengine watakuwa semina? Mama hakufikiri. Alininyooshea kidole mimi, niliyekuwa mlangoni.

Kwa hiyo Jumatano ile nilikuwa uwanjani peke yangu na watoto mia moja na sabini, mganda wa miyaa kila kundi, na kazi ya kuwafundisha kuchana. Mikono yangu imeukataa ukili tangu utotoni. Nilichana mwaa wa kwanza ukakatika, wa pili ukanikata kidole, na watoto wa Gredi ya Sita, ambao tayari ni mabingwa, walipoanza kunielekeza nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nao wakacheka, na haukupita muda mrefu kelele zetu zikafika barabarani.

Dirisha la chumba cha walimu likafunguka. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kikombe changu mbele yake, na wenzake watatu wameinamia meza wakibishana huku wakipima miyaa kwa vidole. Yule mdogo wao kabisa alikuwa anamkatalia jambo, na mama alikuwa anamsikiliza. Akanitazama kwa juu ya dirisha kama anavyotazama mtu mwenye kazi yake.

"Mwalimu," akaniita, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu mama yangu kuniita hivyo, "tutulizie watoto wako. Sisi hapa twapanga."

Nikamwambia abee mama, nikawatuliza.